Kuchagua Kifurushi cha Kulipia cha Ripoti za Takwimu

Mfumo wa uchambuzi wa takwimu za biashara ni programu inayochota kumbukumbu pale zinapozaliwa, iwe ni kwenye mfumo wa mauzo, daftari la mikopo, ghala, orodha ya mishahara au miamala ya simu, kisha inazisafisha, inaziunganisha na kuzionyesha kwa majedwali, grafu na ramani ambazo mkuu wa idara anaweza kuzifungua kwenye kompyuta au simu yake. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, mtafiti wa kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyoeleza mfumo wa kumfikishia kila mtu ndani ya taasisi taarifa zinazohusu kazi yake. Mwaka 1989 Mmarekani Howard Dresner alilitwaa jina alilolitumia Luhn na kulieneza kwa maana inayofahamika leo. Kilichobadilika tangu wakati huo ni bei na wepesi wa kuipata huduma. Zamani ilihitaji seva za gharama kubwa na mkataba wa miaka. Sasa ofisi yenye watu watano inaweza kuanza leo mchana kwa kadi ya benki.

Wepesi huo ndio unaoleta ugumu wa kuchagua. Taasisi nyingi huanza na toleo la bure, ripoti mbili tatu zinapendwa, na baada ya miezi michache idara ya TEHAMA inaletewa ombi la kununua kifurushi cha juu. Hapo meza inajaa majina ya vifurushi, majedwali ya vipengele na wauzaji wanaopiga simu, na swali linalopaswa kuulizwa kwanza hupotea. Swali hilo ni hili: watengenezaji wa ripoti ni wangapi, na wasomaji ni wangapi? Idadi ya wasomaji ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya gharama, na ndiyo ambayo taasisi nyingi huikisia badala ya kuihesabu.

Makampuni yanayouza mifumo hii hupenda kuacha mlango wa mbele wazi. Mfano mzuri ni Power BI ya Microsoft, iliyoingia sokoni rasmi Julai 2015 na ambayo ofisi nyingi za Afrika Mashariki zinaifahamu kwa sababu tayari zinatumia Excel, Outlook na Teams. Programu ya kutengenezea ripoti, Power BI Desktop, inapakuliwa bure. Mchambuzi anaweza kuunganisha mamilioni ya mistari, akatengeneza kurasa kumi za grafu, asilipe hata senti. Malipo huanza pale ripoti inapotoka kwenye kompyuta yake kwenda kwa mwenzake kupitia mtandao. Kwa hiyo anayenunua kifurushi hanunui uwezo wa kuchora grafu, maana huo anao. Ananunua haki ya kushirikisha wengine, nafasi ya kuhifadhi takwimu, idadi ya nyakati ambazo takwimu zitahuishwa kwa siku, na nguvu ya mashine zinazokokotoa majibu msomaji anapobofya.

Kwa Power BI njia za kulipa ni tatu. Ya kwanza ni leseni ya Pro, inayolipiwa kwa kila mtu kwa mwezi. Bei yake ilikuwa dola 9.99 tangu 2015 na haikuguswa kwa karibu miaka 10, hadi Aprili 2025 ilipopanda kufikia dola 14. Mwenye Pro anaweza kuchapisha ripoti na kusoma za wenzake. Mipaka yake ni modeli ya takwimu isiyozidi GB 1, na kuhuisha kwa ratiba mara 8 kwa siku. Ya pili ni Premium Per User, iliyoanza 2021 kwa dola 20 na sasa ni dola 24 kwa mtu kwa mwezi. Hii inapandisha ukubwa wa modeli hadi GB 100, inaruhusu kuhuisha mara 48 kwa siku, na inaongeza nyenzo za kupeleka ripoti kwa hatua kutoka kwenye majaribio hadi kwenye matumizi rasmi. Ya tatu ni kununua uwezo uliotengwa kwa ajili ya taasisi nzima, ambao tofauti yake na leseni ni kama ya kukodi basi zima badala ya kukata tiketi ya kila abiria.

Uwezo huo uliotengwa ndio ulioitwa Power BI Premium ulipoanza 2017. Daraja lake la chini, P1, lilikuwa dola 4,995 kwa mwezi. Novemba 2023 Microsoft ilizindua rasmi jukwaa pana zaidi liitwalo Fabric, na kuanzia Julai 2024 wateja wapya hawakuuziwa tena madaraja ya P. Badala yake wananunua madaraja ya F, kuanzia F2 na kupanda kwa kuzidisha mara mbili: F4, F8, F16, F32, F64 na kuendelea. F64 ndiyo inayolingana na P1 ya zamani. Kwa bei za Marekani, F64 inayolipiwa kwa matumizi, bila ahadi ya muda, hufika takriban dola 8,400 kwa mwezi; ikiahidiwa kwa mwaka mzima hushuka hadi takriban dola 5,000. Bei hizi hutofautiana kwa eneo la kituo cha data, kwa hiyo kila taasisi inapaswa kuomba bei ya eneo lake.

Umuhimu wa F64 ni mmoja na ni mkubwa: kuanzia daraja hilo, msomaji anaweza kufungua ripoti akiwa na leseni ya bure. Chini ya F64, hata taasisi ikiwa imelipia F32, kila msomaji bado anahitaji Pro. Jambo hili limezipotosha ofisi nyingi. Mtu anaona F2 kwa takriban dola 263 kwa mwezi, anadhani amepata Premium kwa bei ya chee, kisha anashangaa wasomaji wake wanapokataliwa mlangoni.

Hesabu yenyewe inafanyika kwa kalamu na karatasi. Tuseme taasisi ya mikopo midogo ina watu 300 wanaohitaji ripoti: 8 wanazitengeneza, na 292 waliobaki, yaani mameneja wa matawi, maafisa mikopo, wahasibu na wakaguzi wa ndani, wanazisoma tu. Kwa Pro, watu 300 mara dola 14 ni dola 4,200 kwa mwezi. Kwa Premium Per User, 300 mara 24 ni dola 7,200. Kwa F64 ya mkataba wa mwaka, ni dola 5,000 pamoja na Pro za watengenezaji 8, yaani dola 112 zaidi, kwa sababu anayechapisha ripoti anahitaji Pro hata taasisi ikiwa na uwezo wake uliotengwa. Pro inashinda. Taasisi hiyo ikikua ikawa na wasomaji 600, Pro zao peke yake zinafika dola 8,400, na F64 inabaki palepale kwenye dola 5,000. Mstari unaotenganisha njia hizi mbili uko karibu na wasomaji 357, yaani 5,000 ukigawanya kwa 14. Kabla bei ya Pro haijapanda mstari huo ulikuwa kwenye watu 500 hivi. Maana yake ni kwamba taasisi iliyofanya hesabu 2023 na kuamua kubaki na Pro inaweza kukuta jibu limegeuka bila yenyewe kuongeza mtumishi hata mmoja.

Ila idadi ya wasomaji ni ya wale wanaosoma kweli. Orodha ya watumishi haitoshi. Power BI yenyewe hutunza kumbukumbu za matumizi, na msimamizi wa mfumo anaweza kuona ni nani aliyefungua ripoti ipi na lini. Mara nyingi kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba ripoti iliyoombwa na idara nzima inafunguliwa na watu wachache, na wengine wanasubiri mtu awatumie picha ya skrini kwenye kundi la WhatsApp. Kumnunulia leseni mtu asiyefungua ripoti ni kupoteza fedha. Njia ya mkato ya kumpa meneja mmoja leseni kisha matawi yote yakatumia nenosiri lake ni mbaya zaidi: inavunja masharti ya leseni, na inaua ulinzi muhimu kuliko wote katika ripoti za taasisi yenye matawi.

Ulinzi huo ni wa kuzuia mistari kwa kila mtumiaji. Mtengenezaji anaandika kanuni moja kwamba mwenye anwani fulani ya barua pepe ni wa tawi la Morogoro, na ripoti ile ile inayomwonyesha mkurugenzi mikopo ya nchi nzima inamwonyesha meneja huyo mikopo ya Morogoro tu. Hauhitaji kifurushi cha juu, Pro inautosheleza. Unachohitaji ni kila mtu aingie kwa jina lake. Taasisi nyingine, kwa kukwepa gharama ya leseni, huchapisha ripoti kwa kitufe cha kuitoa wazi kwenye intaneti, kisha zinatuma kiungo kwa wafanyakazi. Kitufe hicho kimewekwa kwa ajili ya takwimu za umma, kama matokeo ya sensa au hali ya hewa. Yeyote atakayekipata kiungo ataifungua ripoti bila kuulizwa jina, na majina ya wakopaji, namba zao za simu na madeni yao vitakuwa mbele yake. Msimamizi anaweza kukizima kitufe hicho kwa taasisi nzima, na hiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza siku mfumo unapofunguliwa.

Sababu ya pili inayosukuma watu kwenye vifurushi vya juu ni ukubwa wa takwimu. Mchambuzi anachapisha modeli, mfumo unaikataa kwa sababu imepita GB 1, na siku hiyo hiyo ombi la Premium linaandikwa. Kabla ombi hilo halijasainiwa, inafaa modeli ifunguliwe na kuangaliwa safu moja moja. Power BI huhifadhi takwimu kwa safu na kuzibana kwa kutambua thamani zinazojirudia. Safu yenye thamani chache tofauti, mfano jina la tawi, hubanwa ikawa ndogo mno hata jedwali likiwa na mistari milioni 20. Safu ambayo kila mstari una thamani yake ya pekee haibaniki. Katika taasisi za fedha za ukanda huu kuna safu mbili zinazojulikana kwa kunenepesha modeli. Ya kwanza ni namba ya kumbukumbu ya muamala wa simu, ile ya herufi na tarakimu zilizochanganyika ambayo haijirudii kamwe. Kwenye ripoti ya marejesho ya mikopo hakuna meneja anayeisoma. Mkaguzi akiihitaji ataitafuta kwenye mfumo wenyewe. Ikiondolewa, modeli inapungua kwa kiasi kinachoonekana. Ya pili ni safu ya tarehe na saa zilizoandikwa pamoja hadi sekunde. Miamala milioni 20 ya mwaka mmoja inaweza kuwa na mamilioni ya thamani tofauti katika safu hiyo. Ikigawanywa mara mbili, upande wa tarehe unabaki na thamani 365 kwa mwaka, na upande wa saa hauwezi kuzidi 86,400, ambazo ndizo sekunde za siku nzima. Na kama hakuna anayeuliza muamala ulifanyika sekunde ya ngapi, upande wa saa ukatwe ubaki na saa 24 tu. Mchana mmoja wa kazi kama hii unaweza kuiahirisha kwa mwaka mzima gharama ya maelfu ya dola.

Modeli ikishasafishwa na bado imezidi GB 1, kuna njia ya kati isiyotangazwa sana. Taasisi inaweza kubaki na Pro kwa watu wote na kununua daraja dogo la F, ikaweka humo ripoti zile nzito tu. F2, F4 na F8 zinaruhusu modeli ya hadi GB 3, F16 GB 5, F32 GB 10 na F64 GB 25, na idadi ya kuhuisha inapanda hadi mara 48 kwa siku. Kwa taasisi ya watu 120 yenye modeli ya GB 2, hii ni nafuu kuliko kuwapandisha wote 120 kwenda Premium Per User. Leseni hiyo ya mtu binafsi ina sharti linaloumiza: ripoti ikiwekwa kwenye eneo la kazi la Premium Per User, kila atakayeifungua lazima naye awe na leseni hiyo hiyo. Mwenye Pro haingii. Inafaa kikundi kidogo kinachofanya uchambuzi mzito na kuusoma chenyewe, mfano wachambuzi wa hatari za mikopo au wakadiriaji wa bima. Kuinunua kwa watu wanane ili watengeneze ripoti za watu mia tatu ni kujinunulia tatizo.

Kuhusu idadi ya kuhuisha, kipimo cha haki ni ratiba ya maamuzi. Kamati ya mikopo ikikutana kila Jumatano, takwimu za jana usiku zinaitosha. Meneja wa tawi anayetaka kila asubuhi saa 2 orodha ya wakopaji waliochelewa kurejesha kwa zaidi ya siku 30 anahitaji kuhuisha kumoja, alfajiri. Kiwanda kinachofuatilia mstari wa uzalishaji, au kampuni ya usafirishaji inayofuatilia malori, ndivyo vinavyohitaji takwimu za dakika chache zilizopita, na hata hapo kuna namna ya kuiacha ripoti iulize kanzidata moja kwa moja badala ya kunakili kila kitu kwanza, ingawa mzigo wa maswali hayo huhamia kwenye kanzidata yenyewe na inaweza kuelemewa. Na kama mfumo wa mikopo uko kwenye seva ya ofisini badala ya mtandaoni, takwimu hupita kwenye programu ya lango iliyowekwa kwenye kompyuta ya ofisini hapo. Umeme ukikatika usiku na kompyuta hiyo ikazimika, kuhuisha kunashindikana hata kifurushi kiwe cha bei gani. Kabla ya kulipia mara 48 kwa siku, taasisi ihakikishe mara ile moja ya alfajiri inafanikiwa siku zote za wiki.

Uwezo uliotengwa nao una tabia zake, na anayeununua anastahili kuzijua mapema. F64 si bomba lisilo na mwisho. Kazi nzito inapoingia, mfumo huiruhusu itumie nguvu kuliko ile iliyolipiwa, kisha huligawa deni hilo kwenye muda unaofuata. Deni la kazi za kuhuisha husambazwa kwa saa 24. Siku za kawaida hakuna anayeona chochote. Mwisho wa mwezi mambo hubadilika: hesabu zinafungwa, idara ya fedha inahuisha modeli zake mara kwa mara, matawi yote yanafungua ripoti kwa pamoja, na deni linarundikana. Likizidi dakika 10 za uwezo ujao, kila mbofyo wa msomaji unacheleweshwa kwa sekunde 20. Likizidi saa moja, mibofyo inakataliwa. Likizidi saa 24, hata kuhuisha kunakataliwa. Chanzo mara nyingi ni ripoti moja iliyoandikwa vibaya, yenye kanuni inayopitia mamilioni ya mistari kila mtu anapobadilisha mwezi, nayo inawaadhibu wote wanaotumia uwezo huo, hata wale ambao ripoti zao ni nyepesi. Anayenunua uwezo uliotengwa anahitaji pia mtu wa kuangalia kila wiki ni ripoti ipi inayokula sana, na mwenye mamlaka ya kumwambia mwenye ripoti airekebishe.

Malipo kwa matumizi nayo yana mvuto wake. Uwezo unaweza kusimamishwa usiku na mwisho wa wiki, na saa hizo hazilipiwi. Kwa kazi za majaribio ni jambo zuri. Kwa ripoti za wasomaji si zuri hivyo, kwa sababu uwezo ukiwa umesimamishwa ripoti zilizomo hazifunguki, na mkurugenzi anayejiandaa Jumapili jioni kwa kikao cha bodi atakuta mlango umefungwa.

Bei ya orodha haisemi gharama yote. Huduma hizi hutozwa kwa dola, na shilingi hupanda na kushuka. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160 za Kenya, na kufikia mwishoni mwa Machi ilikuwa imerudi kwenye 131 hivi. Kwa kifurushi cha dola 5,000 kwa mwezi, hiyo ni tofauti kati ya shilingi 800,000 na 655,000 kwa huduma ile ile. Kuna pia VAT, asilimia 16 nchini Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, na mhasibu aulizwe mapema kuhusu kodi ya zuio kwa malipo yanayokwenda nje. Mashirika yasiyo ya kiserikali na vyuo hupewa punguzo na Microsoft, kwa hiyo yasinunue kwa bei ya kampuni kabla ya kuuliza. Na kila taasisi iangalie kwanza inacholipia tayari: kifurushi cha Microsoft 365 E5 kina leseni ya Power BI Pro ndani yake, na si jambo la ajabu kukuta idara moja inaomba bajeti ya leseni ambazo idara nyingine imekwisha kuzilipia.

Gharama kubwa kuliko zote, na isiyoonekana kwenye ankara, ni watu. Mtu anayejua kuuliza kanzidata, anayeelewa biashara ya taasisi na anayeweza kuketi na meneja wa tawi mpaka wakubaliane nini maana ya mkopo chechefu, anaongeza thamani ya ripoti kuliko daraja lolote la kifurushi. Idara mbili zikihesabu mikopo hiyo kwa namna mbili, kifurushi cha juu kitazionyesha namba mbili zinazopingana kwa kasi zaidi. Makubaliano ya maana za namba yanapaswa kutangulia ununuzi, yaandikwe, na yawe na mwenyewe kwa jina.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na ile ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019, zote zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu kwenda nje ya nchi. Takwimu za Power BI hukaa kwenye vituo vya data vya eneo ambalo kwa kawaida hutegemea nchi iliyochaguliwa taasisi ilipojisajili mara ya kwanza, na usajili huo huenda ulifanywa na mtumishi mmoja aliyekuwa anajaribu tu. Kuhamisha baadaye ni kazi kubwa. Microsoft ilifungua vituo vya data Afrika Kusini mwaka 2019, na taasisi inayolazimika kuweka takwimu zake katika eneo tofauti na lile la usajili inaweza kufanya hivyo kupitia uwezo uliotengwa. Kwa benki au hospitali, sababu hii peke yake inaweza kutosha kuichagua njia ya tatu, hata kama hesabu ya wasomaji haijafika 357. Jibu la wapi takwimu zitakaa litolewe kwa maandishi kabla ya mkataba, na mwanasheria wa taasisi alione.

Power BI si peke yake sokoni. Tableau, iliyoanzishwa 2003 na watu waliotoka Chuo Kikuu cha Stanford na kununuliwa na Salesforce mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 15.7, huuza leseni kwa kazi ya mtu: kwa bei yake ya orodha, mtengenezaji hulipiwa dola 75 kwa mwezi, anayechunguza na kuhariri dola 42, na msomaji dola 15, kwa malipo ya mwaka. Kwa taasisi ile ya watu 300, watengenezaji 8 na wasomaji 292 wanafikisha dola 4,980 kwa mwezi. Wapo wanaoipenda kwa uzuri wa michoro yake na kwa uhuru inaompa mchambuzi. Upande wa programu huria zipo Metabase na Apache Superset, ambayo ilianza ndani ya kampuni ya Airbnb mwaka 2015. Leseni zake ni bure, na idadi ya wasomaji haiongezi bei, jambo la thamani kwa taasisi yenye wasomaji wengi na bajeti finyu. Malipo yake ni seva, na fundi wa kuitunza, kuisasisha na kuilinda. Pale fundi huyo yupo na hana mpango wa kuondoka, ni chaguo la heshima kabisa. Pale hayupo, mfumo unaweza kubaki yatima baada ya mwaka. Kwa mashirika ya afya, DHIS2, iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, ina dashibodi zake yenyewe, na mradi unaokusanya takwimu humo uangalie kwanza kama dashibodi hizo hazitoshi.

Kabla ya kusaini, Microsoft hutoa majaribio ya siku 60 ya leseni zake za kulipia. Majaribio hayo hayana faida yakifanywa kwa takwimu za mfano zinazokuja na programu. Yafanywe kwa takwimu za taasisi yenyewe, kwa ripoti moja ambayo uongozi unaisubiri, na siku zake zipangwe ziguse angalau miisho miwili ya mwezi ili mzigo wa kweli uonekane. Katika kipindi hicho kumbukumbu za matumizi zitaonyesha wasomaji halisi ni wangapi, na hesabu ile ya kalamu itakuwa na namba ya kuingiza. Kwa mkataba wa kwanza ni busara kuanza na leseni za mwezi kwa mwezi hata zikigharimu zaidi kidogo, kisha kuingia ahadi ya mwaka idadi ikishatulia.

Jambo la mwisho la kuangalia ni njia ya kutokea. Kurasa za Power BI na kanuni zilizoandikwa humo hazihamishiki kwenda Tableau au Superset. Anayehama huzijenga upya. Taasisi inayofanya kazi yote ya kusafisha na kuunganisha takwimu ndani ya chombo cha ripoti inajifunga kwa muuzaji huyo, na bei ikipanda haina la kufanya. Taasisi inayosafisha takwimu zake kwenye kanzidata yake yenyewe, mfano PostgreSQL, ikaacha chombo cha ripoti kibaki na kazi ya kuonyesha tu, itapoteza wiki kadhaa za kuchora kurasa upya siku ikiamua kuhama, na kazi ya kusafisha takwimu itabaki kuwa mali yake.